Santuri Niliyoiacha Luberizi

Nyinyi wa Jumapili, mnaokuja kwangu kusikiliza santuri, hamna haya. Mtu karudi safari, vumbi bado liko masikioni, pole hamjampa, macho yote kwenye mfuko wake. Athumani ndiye aliyeanza: "Iko wapi?" Nikatoa santuri ile ile kubwa niliyoondoka nayo hapa Kigoma. Mkacheka mpaka Mwajuma akamwaga kahawa. Mkasema nimekwenda Kongo kuitembeza mali yangu mwenyewe. Nilinuna, na mnajua nikinuna sisimulii. Sasa kununa kumeisha. Naandika, maana kwa mdomo mtanikatiza.

Kisa mnakijua nusu. Baba yangu alipiga gitaa la pili katika bendi moja ya Uvira, na mara moja tu katika maisha yao walivuka kwenda Bujumbura kurekodi. Wimbo ulitoka kwanza kwenye santuri ndogo, ile ya wimbo mmoja kila upande, yenye tundu kubwa katikati. Miaka ikapita, ukarudiwa kwenye santuri kubwa pamoja na nyimbo zao nyingine, na ili zote zienee wakaukata mkia: sauti inazama polepole, gitaa la baba bado linaongea, kisha kimya. Hiyo kubwa ndiyo niliyo nayo. Ile ndogo baba aliifungia sandukuni mama alipofariki, hakuipiga tena, na sanduku lilibaki Uvira siku tuliyokimbia vita.

Mama yangu, Espe, alifariki nikiwa sijajua hata kuongea vizuri. Sina picha yake. Simkumbuki uso, simkumbuki sauti. Lakini baba aliniambia kwamba mwisho wa ile santuri ndogo, magitaa yakishanyamaza, mama anasikika. Alikuwa amekwenda nao kuwaimbia kiitikio, mimi akaniacha nyumbani nimeanza tu kutambaa, na mbele ya kipaza sauti akaniita kwa jina alilokuwa akinibembelezea. Jina gani? Nilimwuliza baba mara nyingi. Alikataa. Alisema jina lile lilikuwa la mama, yeye hana ruhusa nalo. Akazikwa hapa Kigoma bila kulitamka.

Basi hilo ndilo nililofuata.

Kigoma hadi Bujumbura

Basi la kupanda Manyovu lilitakiwa kuondoka alfajiri. Liliondoka baada ya dereva kunywa chai, kubishana na fundi wa tairi, na kunywa chai tena. Nilikaa dirishani na santuri yangu mapajani, nimeibana pamoja na jalada lake kati ya kadibodi mbili na kuizungushia khanga. Niliibeba ili nikiipata ile ndogo nizisikilize zote kwenye mashine moja. Ndiyo, Athumani, najua msemo wako, santuri ni santuri. Lakini kwenye ndogo mifereji ni mipana na sahani inazunguka mbio, besi inapata mahali pa kupumua. Kwenye hii kubwa wimbo wa baba umesukumwa kule ndani karibu na karatasi ya katikati, mahali ambapo kila mwimbaji hutoka na mafua.

Tulipovuka mpaka na kushuka hadi Nyanza-Lac, nilipanda gari dogo nikabanwa na mama mmoja Mrundi mwenye madumu ya mawese. Akautazama mzigo wangu.

"Hicho ni kioo?"

Nikasema ndiyo, kwa uvivu wa kueleza. Lo! Kuanzia hapo kila shimo barabarani alimpigia dereva kelele, "Kioo! Kioo!" na mkono wake mzito ukawa juu ya santuri kama anamlinda mtoto. Rumonge tulisimama kula. Samaki wa ziwani, mukeke, wa kuchoma, ndizi za kukaanga, pilipili ya kutoa machozi. Alipomaliza alinawa, akafungua kilemba, akaniambia, "Haya, nitolee kioo changu nijitazame."

Niliona haya, nikafungua. Akaishika ile sahani nyeusi juani, akaigeuza huku na huku, akajiona uso kwa mbali. "Kioo cha Tanzania kina giza," alisema. Na kilemba akakifunga humo humo, akakifunga vizuri.

Njia nzima ziwa lilikuwa kushoto kwetu, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kila nilipogeuka ilikuwapo. Nimeishi Kigoma miaka mingi kuliko niliyoishi Uvira, nimeoa hapa, watoto wangu wananicheka nikisema "weye". Lakini milima ile ikinitazama hivyo moyo unakuwa mzito, na siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo.

Gatumba, Kavimvira, Kilibula

Gatumba maji yalikuwa pande zote mbili za barabara, na mahali pengine maji yalikuwa ndiyo barabara. Magari yalikwenda kwa zamu. Tulingoja kwenye tope, tukauziwa mayai ya kuchemsha, tukamsikiliza abiria mmoja akieleza jinsi kiboko alivyolala mlangoni kwa shemeji yake mpaka shemeji akatokea dirishani kwenda kazini. Hakuna aliyemwamini, wala aliyemkatiza.

Kavimvira, nilipovuka mpaka kuingia Kongo, nikapanda pikipiki. Shangazi Zawadi, dada wa baba, anakaa Kilibula, mtaa wa Uvira. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye! Minye nilikuwa nafikiri utakuya na mwaka mwingine!"

"Shikamoo, shangazi."

"Hizo shikamoo zenu za Kigoma. Kuya nikukumbatie."

Ukutani kwake kulikuwa na mstari wa kahawia, karibu kimo cha kiuno, mahali maji ya mafuriko yalipofika. Ameupaka rangi na bado unaonekana. Tulikula bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwao, na kila nilipotaka kutoa mkono aliniongezea. Nilimwuliza kama anajua mama alikuwa akiniita nani nikiwa mdogo. Alitikisa kichwa. Miaka ile alikuwa ameolewa Kalemie, aliporudi mama alikuwa ameshazikwa.

Jioni nilitembea hadi nyumba yetu ya zamani. Bati jipya, mlango wa chuma, mtoto nisiyemjua amekaa kizingitini anamenya muwa. Nilisimama ng'ambo ya njia nikitafuta dirisha la chumba cha baba. Shangazi akanifuata mbio na khanga begani.

"Hapana simama hapo! Bantu batafikiri umekuya kudai nyumba."

Nikaondoka. Sikuwa nadai kitu. Nilitaka kukaa kidogo pale kizingitini, basi, na hata hilo haliombeki.

Rugenge

Shangazi ndiye aliyenitumia habari kwamba Papa Elias wa mtaa wa Rugenge, aliyekuwa na baa siku za bendi, bado ana santuri zake. Nilimkuta uani, mzee mrefu mwenye suspenda, na santuri zake aliniletea kwa heshima zimepangwa kwenye beseni la kufulia.

Jamani. Maji ya ziwa yaliingia kwake mwaka yalipopanda, na yalipotoka Papa Elias alifanya kile ambacho kila mtu wa Uvira hufanya na kitu kilicholowa: alizianika juu ya bati, pamoja na ndagala. Jua la pale mnalijua. Zilipinda kama chapati. Na yeye hakuona tatizo.

"Bado zinaimba," alisema, akaweka moja kwenye gramafoni. Sindano ikapanda mlima, ikashuka bondeni, na mwimbaji akawa analia na kucheka katika neno moja. Papa Elias alifumba macho akatikisa kichwa kwa raha. Mimi nilisaga meno. Mnanijua, kabla ya wimbo huwa nasikiliza kwanza ule ukimya wa mwanzo, ukiwa safi nafurahi hata kabla ya gitaa. Hapa hata ukimya ulikuwa unayumba. Tena ulikuwa na harufu ya samaki.

Nilipomtajia wimbo wa baba, alizima mashine.

"Weye ni mutoto wa ule wa gitaa ya pili? Baba yako alikuwaka anapiga gitaa kama mutu anatafuta ufunguo mu mufuko. Pole pole, halafu, hiyo hapa!" Akacheka, kisha akalisogeza beseni pembeni. "Ile disque haiko hapa. Ile ndogo, ya kwanza, yenye karatasi ya buluu, iko moja tu minye najua. Iko Luberizi kwa Mama Nabintu. Lakini ule mama amefiwa na bwana yake. Muziki haiko mule nyumba mpaka bamalize matanga."

"Wanamaliza lini?"

"Siku ya posho hii." Jumamosi, maana yake. Kisha akaninyooshea kidole. "Ukienda, enda kama mutu wa kilio. Hapana enda kama mutu wa disque."

Aliniambia pia kwamba mama huyo hauzi. Wengine wameshajaribu. Nilimwambia nitajaribu mimi, kwa kiburi chote cha mtu aliyewahi kumbembeleza muuza vyuma vya zamani wa Ujiji mpaka akanipa santuri aliyoikatalia.

Njia ya Luberizi

Jumamosi nilikodi pikipiki ya kijana mchangamfu aliyepita Kiliba kana kwamba amesahau kitu jikoni. Miwa kulia, miwa kushoto, kisha uwanda ukafunguka na joto likatushukia. Kabla ya Sange kulikuwa na kizuizi cha kamba. Mlinzi aliugonga mzigo wangu kwa kucha.

"Hii iko nini?"

"Nyimbo."

"Ngapi?"

"Kumi."

Akatoa simu yake ndogo mfukoni, akainyanyua karibu na ile santuri, akazipima kwa macho. "Kitu kikubwa hivi, nyimbo kumi? Mubaba, bamekuibia." Akashusha kamba akicheka.

Mbele zaidi lori la mpunga lilikuwa limezama kwenye kivuko cha mto, na watu walikuwa wakichimba. Tulikaa chini tukangoja jua lipande na kuanza kushuka. Pembeni yangu alikaa mfugaji wa milima ya juu, mzee mwenye kofia na fimbo, na vibuyu viwili vya maziwa ya kuganda, mashanza kama wanavyoyaita. Naye alikuwa akienda kwenye matanga hayo hayo. Marehemu, Mzee Ruben, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na kumbe hakuna mtu wa njia ile asiyemjua. Akanimiminia kikombe.

"Na weye, unaenda kulia nani?"

Nilifungua mdomo niseme Mzee Ruben, na jina halikutoka. Nikanywa maziwa. Yalikuwa machachu na baridi, nikamshukuru.

Uani kwa Mama Nabintu

Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mashine ya kukoboa. Viti vya kanisa, sufuria za wali, ng'ombe mzima amekwisha gawanywa, kwaya wamevaa sare. Katikati meza yenye kitambaa cheupe na maua, na nafasi wazi nyuma ya mshumaa.

Mwanamume mwenye kitambaa cheupe mkononi, ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli, aliuona mzigo wangu akapiga kofi la furaha. "Picha imefika!"

Walikuwa wakingoja picha ya marehemu iliyotengenezwa fremu Uvira. Kabla sijameza mate mzigo ulikuwa umenitoka mikononi, umesimamishwa mezani na khanga yake, na watu wote wamegeuza viti kuuelekea. Wengine walianza kulia. Mjane akatolewa ndani, mama mtu mzima, amevaa nyeusi kwa mara ya mwisho, na yule wa kitambaa akafungua taratibu, kwa heshima zote.

Kwenye jalada wakatokea wanaume wanane wenye suruali pana na magitaa, wanacheka.

Waliokuwa wakilia wakainua vichwa. Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Sasa Ruben ni nani hapa?"

"Pengine ule mwenye kofia," jirani yake akamjibu.

Nilitaka kukimbia, lakini mjane alisogea mezani akainama. Alilitazama jalada muda mrefu. Kidole chake kikapita kwa wanaume wale mmoja mmoja kikasimama juu ya baba yangu. Akageuka akaingia ndani, nami nikajua nimeharibu kilio cha watu.

Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha manjano. Nyuma yake walibeba gramafoni, ikaunganishwa na spika mbili za kanisa. Jirani yangu wa kiti, yule mfugaji, alininong'oneza utaratibu. Tangu maziko nyumba ile haikupiga muziki. Sasa mjane mwenyewe atashusha sindano, wimbo ukiisha ndipo matanga yameisha, na baada ya hapo kila mtu acheze anavyotaka.

Mama Nabintu alifungua leso. Ndani yake ilikuwamo santuri ndogo, karatasi ya buluu. Kwenye lile tundu kubwa la katikati akaingiza kipande cha mti kilichochongwa, kimeng'aa kwa kushikwa.

Sindano ikashuka. Nikasikia ukimya wa mwanzo, na ulikuwa safi. Kisha besi ikaingia ardhini chini ya viatu vyangu, na gitaa la baba likatoka mbele, si kule nyuma nilikozoea, mbele kabisa, halina mafua, nikasikia hata kucha yake ikigusa waya. Enyi watu! Nimewachosha miaka yote na habari za toleo la kwanza, na mimi mwenyewe sikujua nilichokuwa nasema.

Pale ambapo sauti yangu huzama, hii haikuzama. Iliendelea. Gitaa moja likanyamaza, la pili likanyamaza, ngoma ikapiga mara ya mwisho. Nilisikia chumba kile cha Bujumbura, kiatu cha mtu kikiburutwa. Na mwanamke akaita kwa nguvu:

"Nabintu, eee! Nabintu, uko?"

Mjane akajibu kwa sauti ambayo sikuitegemea kifuani mwake: "Niko naye!"

Uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele, sufuria zinapigwa kwa miiko, kwaya imeinuka, bibi wa mbele anacheza na kiti chake. Matanga yameisha. Na chini ya kelele ile niliiona sindano bado inatembea, mama bado anasema, na sikusikia hata neno. Midomo ya wanawake wote wa Luberizi ilikuwa juu ya jina langu. Sindano ikafika katikati.

Sikufikiri. Mkono wangu una mazoea yake, mnayajua, kila siku mnanigombeza kwa kurudisharudisha wimbo. Nikaruka, nikainua sindano niirudishe nyuma.

Mama Nabintu alinidaka kifundo cha mkono. Vigelegele vikakatika. Bibi wa mbele akaketi na kujifunika uso.

"Weye unataka kurudisha kilio?" yule wa kitambaa alinifokea.

Kwao wimbo wa kuanua matanga haurudiwi siku ile. Ukirudisha sindano unaita msiba urudi nyumbani kwa watu waliokwisha kujifuta machozi. Mimi nilizaliwa upande huu, nilipaswa kujua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, mama. Nilitaka kusikia jina."

"Jina ya nani?"

"Langu. Mimi ni mtoto wa Espe."

Hakuniachia mkono. Alitazama jalada mezani, akanitazama mimi, uso, kipara, tumbo, akarudi usoni. Alifungua mdomo nikaona kabisa jina limefika kwenye meno yake. Akafumba.

"Kesho asubui," alisema. "Atakuita mwenyewe." Kisha akawageukia watu. "Huyu iko mutu wangu. Mumupe chakula."

Asubuhi

Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma ya nyumba kwenda malishoni. Tulikunywa chai ya maziwa, sisi wawili, sebuleni. Spika za kanisa zilikuwa zimerudishwa, imebaki mashine peke yake na spika yake ndogo iliyopasuka kona. Santuri yangu kubwa ilikuwa imeegemea ukutani. Nilisahau kabisa kuzilinganisha.

Mama Nabintu aliniambia alikuwa msichana wa nyumba ya jirani pale Kilibula. "Siku balienda Buja, minye nilibaki na weye. Siku nzima mu mugongo. Ulikuwa unalia, unalia, mpaka nikalia na minye. Jioni, radio haisemi kitu, mulango haufunguke, nikafikiri hatarudi." Aliolewa Luberizi kabla mama hajafa. Habari za msiba zilimfikia tumeshazika, na vita vilipokuja hakujua tumekimbilia wapi. Mzee Ruben ndiye aliyemnunulia santuri ile ilipotoka, kwa sababu jina la mke wake liko ndani.

Akaweka sindano karibu na mwisho, kwa mkono uliozoea. Magitaa yakanyamaza. Kiatu kikaburutwa.

"Nabintu, eee! Nabintu, uko?"

"Niko naye," alijibu Mama Nabintu, safari hii polepole, akiitazama mashine.

Mama yangu akacheka. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyoiwaza, imekwaruza kidogo, ina haraka, sauti ya mtu ambaye wanaume wa bendi wanamwambia atoke kwenye kipaza sauti naye hataki. "Kandagala kangu! Kandagala, mama anakuya!"

Mwanamume akakohoa karibu yake. Nadhani ni baba. Ikaisha.

Kandagala. Kadagaa kadogo. Mimi huyu, na tumbo hili. Nililia, naona bora niwaambie mwenyewe. Mama Nabintu hakunibembeleza. Aliniangalia kwa hasira.

"Mbona haukuitika?"

"Mama?"

"Mama yako anakuita, weye unanyamaza? Nani alikulea?"

Akarudisha sindano. Siku ile iliruhusiwa. Mama akamwita Nabintu, Nabintu akajibu. Mama akaniita mimi.

"Niko, mama," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Mama Nabintu akafuta uso kwa pembe ya kitenge. "Miaka yote hii minye naitika 'Niko naye'. Na weye haukuwa. Nilikuwa namudanganya Espe. Leo tu ndiyo sikumudanganya."

Mtaniuliza kama nilimwomba santuri. Nilimwomba. Baada ya yote hayo bado mkono wangu ulikwenda kwenye karatasi ile ya buluu. Aliifunga kwenye leso kabla sijaigusa.

"Ukiibeba, ataniita Kigoma na minye niko Luberizi. Nani ataitika?" Kisha akanigonga goti. "Weye uko na miguu. Kuya."

Na Athumani, funga mdomo, najua: kwa nini sikurekodi kwa simu? Niliitoa simu. Nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Mama alikuwa ananiita, nami nitakuwa nimeshika simu?

Kurudi

Kwenye kizuizi cha Sange mlinzi alikuwa yule yule. "Mubaba wa nyimbo kumi! Umepata ingine?"

"Moja."

"Iko wapi?"

"Nimeiacha."

Alinionea huruma ya kweli, akanipitisha bila maneno.

Kilibula shangazi alinifungia mfuko wa ndagala wakavu wa kuleta huku, wale mliowala mkasahau kunishukuru. Nilipochungulia ndani nilianza kucheka, na kucheka kukageuka kilio. Shangazi akaudhika. "Unachekelea nini? Iko midogo, lakini iko mitamu." Nikamwambia ndiyo, shangazi, ni mitamu. Jina sikumwambia. Nilipita nyumba yetu ya zamani bila kusimama, na Rumonge nilikula mukeke peke yangu, ng'ambo milima ipo pale pale.

Nyinyi nimewaandikia jina kwa sababu mmenisumbua. Atakayeniita kwa jina hilo haingii tena kwangu, hata alete kahawa ya Manyovu nzima. Jumapili njooni kama kawaida. Tutapiga hii kubwa, yenye mafua. Ila sauti ya wimbo wa baba ikianza kuzama, asiinuke mtu kugeuza santuri, kama mnavyofanya siku zote. Mniache kidogo. Wimbo haujaisha pale, mama bado anakuja, na mimi nina jibu.